Ufuo unaliwa, mtambo unakuja: tubishe mlango gani?

Mtu wa Pwani akisikia kwamba kijijini kwao kunaletwa kituo cha umeme, au kile kilichopo kinaongezewa mitambo, hakosi washauri. Mmoja atamtuma kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, wa pili atamwambia aende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wa tatu ataapa kwamba dawa ni wakili tu. Huenda wote wana haki. Huenda pia wote wakampotezea muda, maana kila mlango una saa zake za kufunguliwa, na kuna milango ikishafungwa haifunguki tena.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo wenyeji wa pwani ya Kenya wanazo: BMU pamoja na kamati za wadi, mchakato wa tathmini ya mazingira chini ya NEMA, Jopo la Kitaifa la Mazingira, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Walioko Tanzania nao wana neno lao kuelekea mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu mchanga

Kituo cha umeme cha pwani si jengo na bomba la moshi tu. Kina gati ya kushushia makaa au mafuta, mfereji uliochimbwa ili meli ziingie, pengine ukuta wa kuvunja mawimbi, mabomba ya kuvuta maji ya kupozea mitambo na mengine ya kuyarudisha baharini yakiwa na joto. Karibu kila kimoja kati ya hivi huingilia safari ya mchanga. Upepo wa kusi huusukuma kuelekea kaskazini, ule wa kaskazi huurudisha kusini, na hesabu ya mwaka mzima haitoki sawasawa. Ukijenga kitu kigumu kilichoingia baharini, upande mmoja mchanga hujazana na upande wa pili ufuo hukonda. Anayekonda mara nyingi ni kijiji cha jirani, kile ambacho hakikualikwa mkutanoni kwa sababu mradi "si wao".

Wakati mwingine mtambo wenyewe hauko pwani kabisa. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Masinga na Kiambere za miaka ya 1980, hushika tope na mchanga ambao ungeshuka hadi mlangoni mwa mto, upande wa Kipini, ambako bahari imekuwa ikila makazi ya watu. Malindi mambo ni kinyume: Mto Sabaki umemwaga udongo mwingi kiasi kwamba ufuo umesogea mbele na wenye hoteli wakabaki wakiitazama bahari kwa mbali. Lakini Sabaki ni mto uleule wa Athi, na juu yake huko Makueni linajengwa Bwawa la Thwake. Sijui wangapi Malindi wanaihesabu Thwake kuwa habari yao.

Nayasema haya mapema kwa sababu udhaifu mmoja unazikumba njia zote nne. Leseni hutazama kiwanja, na mchanga hauna habari na bikoni za kiwanja. Leseni hutolewa siku moja, na ufuo huliwa polepole kwa miaka. Njia yoyote utakayoshika, itakubidi uidai itazame nje ya ua wa mradi na mbele ya siku ya uzinduzi.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Mlango unafunguka lini? Ina nguvu gani ya kusimamisha au kubadilisha mradi? Inagharimu nini? Inataka ushahidi wa aina gani? Na inamfaa nani?

1. BMU na kamati za wadi

Mlango uko wazi wakati wote, kabla ya mradi, wakati wa ujenzi na hata miaka ishirini baadaye. BMU zilipewa sura ya kisheria na kanuni za uvuvi za 2007, na kila diko (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) lililosajiliwa lina yake: uongozi, daftari la wanachama, sheria ndogondogo na mpango wa kusimamia eneo lake. Kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi ni changa zaidi. Zimekua na fedha za tabianchi zinazopitia serikali za kaunti, na kazi yao ni kupanga miradi midogo wanayoitaka wenyeji, kama kupanda mikoko.

Nguvu yake kwa mtambo ni ndogo. BMU haiwezi kufuta leseni ya NEMA, na kamati ya wadi haiwezi kuiamuru kampuni ibomoe gati. Kaunti yenyewe ina meno kiasi kupitia sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, kwa hiyo barua ya BMU iliyomfikia afisa wa mipango wa kaunti kabla kibali cha ujenzi hakijatoka si karatasi ya bure. Lakini asikudanganye mtu kwamba diko peke yake litauzuia mradi wa taifa.

Gharama ni nauli, daftari na subira.

Kwenye ushahidi ndipo njia hii inapozipita nyingine zote, kwa sababu hapa ndipo ushahidi unapozaliwa. Chagua alama isiyohama: pembe ya msikiti, kisima, ukuta wa zamani. Mnazi usiuamini sana, nao unaweza kwenda na maji. Pima kwa kamba kutoka hapo hadi mstari wa maji yanapojaa, mara moja kila mwezi, siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, mtu yuleyule au watu walewale. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale. Fanya hivyo kusi na kaskazi, kwa sababu kuna fuo hukonda kusi na kunenepa tena kaskazi, na wakili wa kampuni analijua hilo. Ukimletea picha moja ya Julai atakuonyesha nyingine ya Februari, na kesi imekwisha. Ukimletea vipimo vya misimu mitatu au minne mfululizo, vilivyoanza kabla hata jiwe la kwanza halijashushwa, atalazimika kukujibu. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mombasa. Mwandikieni awepo mtaalamu wa kuukagua utaratibu wenu mapema, badala ya kumwita baada ya nyumba kuanguka.

Tahadhari mbili. BMU ni ya wavuvi na wafanyabiashara wa samaki. Wakata boriti, wakulima wa mihogo nyuma ya ufuo na wenye vibanda vya wageni hawamo, na ufuo ni wao pia. Halafu uongozi wa BMU hununulika kwa bei ndogo. Mashine ya boti na jokofu la samaki vimewahi kubadilisha misimamo mingi. Muhtasari wa kikao usomwe hadharani.

Inawafaa wale ambao bado hawana mradi mlangoni lakini wanausikia kwa mbali, na wale ambao ufuo wao unaliwa bila mkosaji mmoja anayejulikana.

2. Tathmini ya mazingira na NEMA

Mlango huu una vipindi viwili. Cha kwanza ni kabla ya leseni: mwenye mradi anafanya tathmini ya athari kwa mazingira, na kanuni za 2003 zinamtaka atangaze mradi kwa mabango, magazeti na redio, kisha afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Ripoti ikishafika NEMA, tangazo lingine hutoka kuwaalika watu watoe maoni juu ya ripoti yenyewe, kwa siku zilizotajwa humo, mara nyingi thelathini. Watu wengi huchanganya hatua hizi mbili. Wanakwenda mkutano wa kwanza, wanakula wali, wanasikiliza hotuba ya ajira na kurudi nyumbani wakidhani wameshirikishwa. Kumbe mkutano ulikuwa wa utambulisho, na ripoti ilikuwa haijaandikwa.

Kipindi cha pili ni baada ya leseni, nacho kimesahauliwa mno. Mtambo unaofanya kazi hutakiwa kukaguliwa kimazingira kila mwaka na ripoti kupelekwa NEMA. Muhimu zaidi kwa habari ya upanuzi, kifungu cha 64 cha sheria ya mazingira, EMCA ya 1999, kinaipa NEMA uwezo wa kudai tathmini mpya endapo mradi umebadilika kwa kiasi kikubwa, au umeleta hatari ambayo haikutarajiwa wakati wa leseni, au takwimu za awali zilikuwa za uongo. Kuongeza mitambo ni badiliko. Ufuo wa jirani kuanza kuliwa, jambo ambalo ripoti ya kwanza haikulitaja, ni hatari isiyotarajiwa. Kifungu hiki kiandikeni kwa jina kwenye barua.

Nguvu: kubwa sana kabla ya zege kumwagwa, wakati gati bado ni mstari kwenye karatasi na unaweza kusogezwa au kujengwa juu ya nguzo ili mchanga upite chini yake. Baadaye NEMA bado inaweza kusimamisha au kufuta leseni, lakini kusimamisha mtambo ambao tayari unawasha taa za watu kunataka moyo.

Gharama ni ndogo kwa fedha, nzito kwa muda. Ripoti ni mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu. Kama mnanyimwa nyaraka, sheria ya kupata habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21.

Ushahidi: maswali mazuri yanatosha kuanzia. Je, mwendo wa mchanga umepimwa kusi na kaskazi, au msimu mmoja tu? Umefuatwa kilomita ngapi kila upande wa mradi? Vipimo vitaendelea kuchukuliwa kwenye ufuo wa kijiji cha jirani, au mbele ya ua wa kampuni tu? Ufuo ukipungua kwa kiwango gani kampuni italazimika kufanya jambo, na fedha za kurudisha mchanga zimewekwa wapi? Mkipata jibu la swali hilo la mwisho likaingia kwenye masharti ya leseni, mtakuwa mmepata kitu ambacho kesi nyingi hazikipati.

Udhaifu wa njia hii uko wazi. Mtaalamu wa tathmini hulipwa na mwenye mradi, na ofisi inayotoa leseni ndiyo inayolalamikiwa.

Inawafaa waliowahi mapema, na majirani wa kituo kinachotaka kupanuliwa.

3. Jopo la Kitaifa la Mazingira

Mlango huu ni mwembamba na una saa. Kifungu cha 129 cha EMCA kinatoa siku 60 za kukata rufaa dhidi ya uamuzi kama ule wa kutoa leseni. Mabishano kuhusu siku hizo zianze kuhesabiwa lini yamekula nguvu za watu wengi, basi usiyaingie: hesabu kuanzia tarehe iliyo juu ya leseni. Na ni lazima uamuzi uwepo. Watu wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana Mei 2024 kupinga mpango wa kituo cha nyuklia karibu na Mida na Watamu, hapakuwa na leseni ya kukatia rufaa. Kwa hatua waliyokuwapo, kelele na maombi kwa viongozi vilikuwa na maana kuliko jopo; baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Victoria.

Kwa nguvu, mfano ni Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Muungano wa Save Lamu na wenyeji wakakata rufaa mwaka huohuo, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo ya mikutano: watu waliitwa mwanzoni, lakini hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili ripoti yenyewe ilipokamilika. Jopo likasema mwenye mradi akiutaka bado, aanze tathmini upya na afuate kila hatua. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa mwaka huo, benki ya Kichina ya ICBC ikafuata 2020, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni.

Tazama muda, lakini: leseni ilifutwa karibu miaka mitatu baada ya kutolewa. Usidhani pia kwamba kufungua rufaa peke yake kunasimamisha matingatinga. Omba amri ya kubakisha mambo yalivyo tangu siku ya kwanza.

Gharama ni ya kati. Utaratibu ni mwepesi kuliko wa mahakama, ila bila wakili na angalau mtaalamu mmoja au wawili mtameza vumbi. Mashirika ya sheria za umma husaidia, hasa kesi ikiwa na uzito wa nchi nzima. Kituo kidogo cha dizeli kinachoongezewa jenereta moja hakitawavutia haraka.

Ushahidi unaotakiwa ni wa utaratibu zaidi kuliko wa mchanga. Nani aliitwa, lini, kwa tangazo gani, ripoti ilipatikana wapi, maoni yenu yalijibiwa? Ndiyo maana muhtasari wa vikao na picha ya lile bango lililobandikwa kwa chifu ni mali. Anayekwenda mbele ya jopo kusema "bahari itatula" bila kuonyesha kasoro ya tathmini anategemea huruma.

Inawafaa wenye leseni ya juzi mkononi, kumbukumbu nzuri za vikao, na umoja unaoweza kukaa miaka mitatu bila kupasuka.

4. Mahakama ya Mazingira na Ardhi

Mlango uko wazi kwa upana mkubwa. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Huhitaji leseni mpya wala siku 60, ingawa ukipitwa na siku za jopo kwa uzembe utaulizwa kwa nini hukuanzia huko. Mlango huu pia ndio wa kupinga uamuzi wa jopo, ndani ya siku 30.

Nguvu ni kubwa kuliko zote: kusitisha, kuamuru ukarabati, kutoa fidia. Wavuvi wa Lamu walifungua kesi mwaka 2012 kuhusu bandari ya mradi wa usafirishaji wa LAPSSET, ambayo uchimbaji wake wa bahari uliharibu maeneo yao ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi 2016, wakashinda shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakashindwa Mahakama ya Rufaa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Miaka minane, na kuna waliozikwa wakisubiri.

Gharama: Katiba inakataza ada ya kufungua kesi za haki, lakini wakili, wataalamu na safari za Malindi au Mombasa hazimo humo.

Ushahidi ni mzito, na kwa mmomonyoko ni mzito maradufu. Risasi hupimwa kwenye damu. Mchanga uliopotea unaweza kulaumiwa kwa gati, kwa bwawa la mtoni, kwa ukuta wa hoteli ya jirani, kwa wachimba mchanga wa ujenzi, kwa bahari inayopanda. Mahakama itataka kujua ni mkono wa nani, na hapo daftari la diko ndilo litakaloongea. Msisahau kudai jambo moja la ziada: ibara ya 62 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo ukiliwa mstari huo husogea bara, na mwenye ua hawezi kudai kwamba mchanga ulio chini ya maji bado ni wake.

Inawafaa waliokwisha kuumia na wanataka fidia, na wale ambao milango mingine imefungwa.

Kwa wasomaji wa Tanzania

Majina yanabadilika, mpangilio unafanana. NEMC hushika mahali pa NEMA, BMU zipo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari pale zinapoweza kuathiri mazingira hayo. Kigezo hicho cha mita kinapimika kwa kamba, na ni rahisi kukidai kwa serikali ya kijiji au mtaa. Kasoro yake ni kwamba ufuo ukiliwa mita kumi, jengo lililokuwa halali linabaki mita hamsini kutoka majini bila kusogea.

Uchague lipi, kwa hali yako

Ikiwa mradi ni uvumi: anza vipimo mwezi huu kupitia BMU, mkiwemo na wasio wavuvi, na muulize kaunti kwa maandishi kama ombi lolote la mipango limeingia. Usitafute wakili bado.

Ikiwa mikutano ya tathmini imeanza: nguvu zote NEMA. Daini ripoti, itafsirieni kwa Kiswahili walau sura ya mwendo wa mchanga, na pelekeni maoni kwa maandishi yenye mhuri wa kupokelewa. Alikeni kijiji cha kaskazini na cha kusini yenu, maana mchanga wao ndio utakaoguswa.

Ikiwa leseni imetoka ndani ya miezi miwili: jopo, na tafuteni wakili wiki hii. Barua za malalamiko kwa NEMA hazisimamishi saa.

Ikiwa kituo kipo zamani na kinaongezwa: barua ya kifungu cha 64 kwanza, ombi la ripoti za ukaguzi wa kila mwaka pamoja nayo. Upanuzi ukipewa leseni mpya, siku 60 zinaanza upya kwa leseni hiyo.

Ikiwa nyumba zimeshaanguka na kituo ndicho mnachokishuku: mahakama, mkiwa na mtaalamu wa pwani kabla ya wakili kuandika chochote. Kama hamna vipimo vya zamani, tafuteni picha za setilaiti na picha za harusi na za sikukuu zilizopigwa ufuoni; zinaonyesha mstari wa maji ulipokuwa.

Ikiwa hakuna kituo karibu na ufuo bado unaliwa: kamati ya wadi kwa ajili ya mikoko na fedha, na mtazame mto. Mkikuta bwawa linajengwa juu, hatua ya tathmini yake ni yenu vilevile, hata kama liko kilomita mia tatu kutoka baharini.